Wa Kuwaachia Krishna na Radha

Mpapura, Mtwara

Mama yangu,

Naigusa miguu yako kwa mbali. Shikamoo. Kifua kimepoa? Uji unashuka, au bado unamgomea Rehema? Nimeona niandike, maana kwenye simu unaniuliza "Nani? Nani?" mpaka salio linakata. Na nimeandika Kiswahili ili huyo Rehema anayekutunza akusomee. Rehema mwanangu, soma kwa sauti, sikio lake zima ni la kulia.

Mimi mzima, ila mgongo. Kaka alinipigia kunigombeza. "Mama anakuita kila siku, wewe umeng'ang'ania mawe!" Ati mawe! Nilimkatia simu.

Unajua tulivyokuwa huku enzi za marehemu mume wangu. Maduka ya Wahindu yalipangana njia nzima, na hekalu letu dogo nyuma yake. Msimu wa korosho hata pa kukanyaga hapakuwepo. Vijana wakahamia Dar, wengine ng'ambo. Juzijuzi Mzee Ramji, mwenzangu wa mwisho, alikuja kuchukuliwa na mwanawe. Alilia kama mtoto akiwaaga Krishna na Radha, miungu wetu wa hekaluni. Nimebaki peke yangu. Asubuhi nawaamsha kwa kengele, nawaogesha, nawavika, nawapa maziwa. Jioni nawawashia taa ya samli, kisha nawashushia chandarua, maana mbu wa huku hawajui hawa ni akina nani. Sili kabla yao, kama ulivyonifundisha mwenyewe.

Kaka anataka nifunge mlango nije huko kwenu, mbele ya Dar. Nimfungie mgeni ndani na njaa yake, niondoke na ufunguo? Hawa waliitwa kwa ibada, wakatiwa uhai. Kuwaaga pia ni kwa ibada, ndipo wapelekwe kuzamishwa majini, na anayeijua ni maharaji, kuhani wetu wa Dar. Naye amekwenda India, kurudi kwake hakujulikani. Nikawaomba wenzetu wa mjini wawachukue. Wakasema bila maharaji hakuna anayethubutu kuwang'oa mahali pao.

Basi siku moja jirani yangu Mama Shufaa akanikuta nalia. "Dada, si maziwa tu? Lete ufunguo. Mbona paka wangu nawapa?" Nilicheka, Mama, loo, nilicheka siku hiyo! Nikafungasha begi. Jioni akarudi, mdomo ameuziba kwa mtandio. "Dada, kufagia nitafagia. Ila kumwandalia chakula asiye Mungu wangu, moyo umekataa. Naogopa. Nisamehe." Nikamwambia hana kosa, na kweli hana. Mimi ningeweza kuswali badala yake? Nikaenda nikafungua begi, nikarudisha nguo kabatini.

Lakini usikate tamaa, Mama. Nikipata tu wa kuwaachia, napanda basi siku hiyo hiyo. Wewe kunywa dawa, na huo uji uache kuumwaga.

Nisalimie Kaka, ingawa ana domo. Nisalimie wifi yangu anayekupikia, na yule fundi cherehani wa nyumba ya pili pamoja na mkewe. Mama Shufaa anakuombea dua kila swala.

Ni mimi, binti yako uliyemwoza mbali,

Kusum

Rehema, haya ya chini usimsomee. Siji. Nimewaza huku na huku, sioni pa kutokea, na Kaka ameniambia alivyosema daktari. Mama akikuuliza niko wapi, mwambie nimeshaondoka Mtwara, nimefika Lindi. Akiuliza tena, mwambie niko Kilwa. Mwambie mvua imekata barabara, basi limesimama, abiria wote tunasubiri. Halafu Dar. Unipeleke polepole, mwanangu, mpaka afumbe macho.