Karanga Kwenye Vitabu Vyangu

Gwantwa, uko hapo? Idrisa kaniweza!

Jana si alinipeleka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, nikachague kidude cha kusomea vitabu? Nikachagua chenye kioo kama karatasi, nikamwombea na dua mume wangu.

Leo nanunua karanga sokoni, naangalia karatasi waliyofungia: pembeni mwandiko wangu! Kitabu changu! Kumbe vitabu vyangu vyote Idrisa kampa muuza karanga!

Nikampigia simu. Eti, "Sabra, si vyote vimo humo ndani ya kidude?"

Vimo humo ndani, Gwantwa!

Nikasema sawa, atanitambua. Mchana karudi na njaa yake, kanawa, kaketi mkekani. Nikamtengea kidude, kimewaka, kina picha ya pilau.

"Chakula kiko wapi?"

"Karibu, mume wangu. Chote kimo humo ndani."