Bibi Yangu Amenyamaza

Jumatatu, 3 Juni
Mvua tena. Viazi vinaoza shambani, mimi naoza kitandani. Bibi yangu amenigombeza kwa kuingia na gambuti za matope miguuni. "Mzee, hii nyumba si boma ya ng'ombe." Ana miaka saba. Ni Wambui, binti wa kijana wangu, amebeba jina la marehemu mke wangu, kwa hivyo kwa mila ni bibi yangu. Mdomo alirithi wote. Tangu wamtoe uvimbe kwa ubongo pale Nakuru, ana mpira chini ya ngozi, unatoa maji kichwani unamwaga tumboni. Namwambia amepata maji ya mfereji kabla ya Kuresoi yetu yote.

Jumanne, 4 Juni
Gambuti zimepita, hakusema kitu. Uji amekataa. Anataka kulala tu. Nikajua amenuna. Mimi pia nikanuna, ndio mchezo wetu, wa kwanza kucheka ameshindwa. Tumenuniana mpaka jioni.
Nilidhani nashinda.

Jumatano, 5 Juni
Hakuwa amenuna.
Alfajiri ametapika. Macho yanaangalia chini, hayapandi. Tumekodi Probox ya jirani mpaka Nakuru, mama yake amemshika kichwa njia yote. Daktari ni kijana mdogo. Amesema mpira umeziba, maji yamejaa, yanafinya ubongo. Akauliza ilianza lini. Mama yake akasema leo.
Nikasema, "Jana asubuhi."
Mama Wambui akaniangalia. Heri angenitukana.

Ijumaa, 7 Juni
Wameweka mpira mpya. Sista wa wodi akauliza mimi ni nani wa mgonjwa. Nikasema ni bwanake. Kina mama wote wakacheka. Bibi mwenyewe hakucheka, na huo mzaha ni wake.
Anapumua. Hajaamka sawasawa. Nimeenda nyuma ya jikoni ya hospitali nikalia kama ndama. Mzee mzima.

Jumapili, 30 Juni
Tuko nyumbani. Anakula akilishwa. Macho hayaoni, na daktari haahidi. Maneno pia hayajarudi, amesema tungoje.
Mama yake ameenda kanisani. Mvua ilikuwa imenyesha. Nimetoka shambani nikapita mbele ya bibi yangu na gambuti, matope mpaka magoti, nikikanyaga kwa nguvu asikie. Nikarudi. Nikapita tena.
Uso umegeuka kidogo, ukafuata miguu.
Nikasimama nikangoja anigombeze.
Halafu nimevua gambuti nikaziweka nje. Nimetafuta tambara, nimepangusa sakafu yote, mpaka chini ya kiti chake.