Pikapu ya Felista

Jumatatu, 3 Machi

Nimekamua. Lita tatu tu, ng'ombe amekaribia kukauka. Ukungu umeshuka hadi mlangoni, shamba la vitunguu saumu silioni. Nimekunywa chai nimesimama.

Pikapu mbili zimepita barabara ya juu kabla sijamaliza kikombe. Nyeusi, kubwa, zimeinuliwa kama zinaogopa tope. Sijui gari la namna ile linanunuliwa kwa kazi gani. Nyuma patupu. Hakuna gunia, hakuna mbuzi, hakuna mgonjwa. Limefunikwa turubai la kubana kama sanduku la nguo za sikukuu.

Niliendesha landrova ya misheni miaka ishirini na tisa. Sikumbuki siku niliyopita hapa Bashay nyuma pakiwa patupu.

Jumatano, 5 Machi. Majivu

Nimetoka kanisani kwa miguu. Mbele yangu alikuwa bibi mmoja wa Masieda, mgongo umepinda. Pikapu ikaja, vioo vyeusi tii. Bibi akasogea pembeni, akasema shikamoo. Kioo kikashuka. Ndani kijana wa umri wa mjukuu wake, miwani ya jua kwenye ukungu, simu mbili mbele yake. Anauliza njia ya Dongobesh. Bibi kamwamkia mtoto.

Hilo ndilo linaloniudhi kuliko ukubwa. Humjui aliye ndani. Landrova haikuwa hata na vioo vya pembeni miaka ya mwisho. Nilisalimia kuanzia Mbulu mjini hadi nyumbani, mkono mmoja nje. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, hujambo mama. Nilifika koo limekauka.

Jumamosi, 8 Machi

Honi getini. Pikapu. Nimetoka na fimbo nikidhani ni mtu aliyepotea njia. Mlango ukafunguka, akashuka Felista. Mwanangu. Mtoto wangu wa mwisho.

Najua biashara yake ya saumu inakwenda vizuri. Ana nyumba Dongobesh, ana watu wanaomnunulia hadi vijijini. Hili sikulijua. Pikapu nyekundu, mdomo wa nikeli mpana kama mlango wa zizi, taa sita juu ya paa, tairi zinafika kiunoni mwangu. Majirani walitoka wote.

"Shikamoo baba. Umelionaje?"

"Marahaba. Mzigo unapakia wapi?"

"Mzigo unakwenda na fuso, baba. Hili ni la kwangu mimi."

Nimeona aibu. Naandika hivyo hivyo. Miaka yote nimekaa kanisani benchi la mbele, na watu wanajua nasema nini kuhusu magari haya. Amekunywa maziwa, ameondoka. Nilimwona ameumia. Sikumrudisha.

Jumapili, 9 Machi

Alikuja kunichukua twende misa. Nilikataa, nikasema miguu ninayo. Nikaanza kutembea. Akanifuata nyuma na ile pikapu, polepole, taa za pembeni zinawakawaka, hadi kanisani. Kila aliyepita alisimama kututazama. Katekista Gabrieli alicheka hadi akashika ukuta. Mimi na Gabrieli tumesoma darasa moja, kwa hiyo ana ruhusa.

Yasinta angecheka pia. Mke wangu alijua kunicheka.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepanda basi kwenda Dongobesh kununua chumvi ya ng'ombe. Nimepita dukani kwa Hamisi, aliyekuwa akiniuzia spea za landrova. Amefunga Ramadhani, tumekaa bila chai. Bado ana boksi la plagi za zamani juu ya kabati. Hakuna anayeziulizia. Hataki kuzitupa.

Tumeikumbuka ile gari. Ilikuwa ya kijani, ikageuka rangi isiyo na jina. Iliwaka kwa kusukumwa. Watu walijua mlio wake tangu ikiwa bonde la pili, wakatoka na walichotaka kupakia. Nimebeba mbegu, mabati ya kanisa, maharusi, majeneza. Nimebeba mama mwenye uchungu kutoka Masieda usukani ukinitetemeka mikononi, mtoto akazaliwa kabla ya lami, akaitwa Paskali kama mimi. Yasinta alikaa mbele na kikapu cha mayai mapajani, anainuka kwenye kila shimo ili yasivunjike. Felista alikaa katikati yetu, ameshika goti langu. Akiwa na miaka mitano alijua gia zote kwa kusikia.

Misheni waliiuza kama chuma chakavu wiki niliyostaafu. Sikwenda kutazama.

Jumatano, 19 Machi

Felista amekuja kwa upole. Amesema Jumamosi anataka mimi ndiye niendeshe pikapu yake kwenda Dongobesh, yeye akae pembeni. Amesema, "Wewe ndiye uliyenifundisha. Sitaki watu waseme nimepita mbele ya baba yangu." Ameniwekea ufunguo kiganjani.

Nimesema ndiyo.

Sasa niandike kile ambacho sijakiandika hata humu. Jicho la kushoto halioni. Lilianza kama moshi pembeni, msimu wa mavuno mwaka juzi. Sasa ni giza. Kulia naona mbele, pembeni kidogo tu. Hakuna anayejua. Leseni yangu bado haijaisha muda, naiweka ndani ya kitabu cha sala. Dereva asiyeona ni nini? Ningeweza kumwambia leo. Ufunguo ulikuwa na uzito mzuri mkononi.

Jumamosi, 22 Machi

Nimemgonga Gabrieli.

Niliondoka vizuri. Ile gari ni laini, usukani wake wa kidole kimoja. Boneti iko juu, mbele huoni ardhi kabisa. Nilifurahi. Hiyo ndiyo aibu kubwa, kwamba nilifurahi. Nilikuwa nasalimia watu, ingawa vioo vyeusi havikuwaonyesha aliye ndani. Tukashuka kuelekea darajani. Gabrieli alitokea kwenye njia ya kushoto na baiskeli yake. Felista akasema "Baba." Mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeita mezani. Halafu mlio kama wa debe lililokanyagwa.

Mguu umevunjika chini ya goti. Mfupa niliuona.

Felista ndiye aliyefanya kila kitu. Akafungua turubai la nyuma, akatandika kitenge chake na koti langu, watu wakampandisha Gabrieli nyuma. Damu juu ya rangi mpya. Akashika usukani. Mimi nilikaa nyuma nimeshika kichwa cha rafiki yangu. Alikuwa anasali kwa Kiiraqw, lugha ya mama yake. Sikuwahi kumsikia akisali kwa Kiiraqw.

Polisi tulipitia kuchukua PF3, fomu ambayo hospitali huidai kabla ya kumtibu majeruhi. Askari akauliza nani alikuwa anaendesha. Felista akajibu, "Mimi." Hakunitazama.

Nilisimama pale kando yake. Sikusema kitu.

Jumapili, 23 Machi

Sikwenda misa. Nimekamua, nimemwaga maziwa. Nimelala mchana na viatu.

Jumanne, 25 Machi

Jumuiya ilisali kwa jirani. Nimekwenda kwa sababu kutokwenda kungeonekana. Baada ya rozari wakaanza kumzungumza Felista. Pesa imempanda kichwani. Mwanamke na gari kama lile. Aliwasha muziki, hakusikia kengele ya baiskeli. Wengine wanasema alikuwa kwenye simu. Walioshuhudia darajani walikuwa wawili tu, na wote walifika baada ya kugonga.

Mzee mmoja akanigeukia. "Na wewe ulisema tangu mwanzo, Paskali. Magari haya ni kiburi."

Nikatikisa kichwa kukubali. Nilitikisa kichwa.

Kila neno walilosema ni maneno yangu. Nimeyasema kwenye baraza la kanisa, kwenye vilabu, kwa Hamisi. Leo nimeyasikia yakimwangukia mwanangu.

Askari wameishikilia leseni yake. Mzigo wa saumu umekaa stoo, hana wa kumzungusha vijijini.

Ijumaa, 28 Machi

Gabrieli ameruhusiwa kurudi nyumbani, mguu kwenye plasta. Nimempelekea maziwa na mayai. Mkewe akatupisha.

Ameusogeza mguu juu ya mto. Halafu akasema, "Paskali, ulinitazama. Nilisimama na baiskeli, nikakuona kupitia kioo cha mbele umegeuza uso kwangu. Nikajua umeniona. Ndiyo maana nikavuka."

"Sikukuona. Jicho hili halioni."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Aliniuliza kama Felista alijua. Nikasema hapana. Akanyoosha blanketi juu ya goti, akasema, "Mimi sitaenda polisi. Lakini jina la yule binti linachafuliwa hadi kwenye mafundisho ya kipaimara, watoto wanakuja kuniuliza mimi. Mwambie kwanza yeye."

Nimerudi kwa miguu. Mvua imenikuta njiani, sikujificha.

Jumamosi, 29 Machi

Nimemwambia Felista, nyumbani kwake Dongobesh.

Alikuwa ameosha ile pikapu, bado kuna doa nyuma. Nimesema yote nikiwa nimesimama uani, sikutaka kukaribishwa ndani. Alinisikiliza hadi mwisho. Alisema, "Nilifikiri breki zilikushinda kwa sababu gari ni geni. Nimejilaumu wiki nzima kwamba nimekupa gari kubwa mno."

Halafu akasema, "Angekufa, baba."

Aliingia ndani na kufunga mlango. Nimekaa stendi hadi basi la jioni.

Jumatano, 2 Aprili

Hajaja. Simu inaita hadi inakatika.

Mvua ya siku tatu. Nimefikiria siku landrova ilipokwama mtoni, Felista akiwa na miaka saba. Nilimwambia ni kokoto zimehama. Ukweli nilikosea njia kwa haraka. Alirudi shuleni akawaambia wenzake kwamba baba yake hakosei, ni mto uliohama. Nilisikia hadithi hiyo kwa mwalimu, nikaipenda. Nimeikumbuka miaka mingi kwa furaha. Leo haina ladha ile.

Jumamosi, 5 Aprili

Amekuja. Bila gari, kwa bodaboda, viatu vimejaa tope. Amepika ugali na majani ya kunde. Tumekula. Amesema Jumatatu tutakwenda polisi wote wawili, na kutoka hapo hospitali ya macho. Nikasema nitakwenda peke yangu. Akasema, "Nilidanganya na mimi."

Amenilazia kichwa begani kidogo akiondoka. Hajafanya hivyo tangu msiba wa mama yake.

Jumatatu, 7 Aprili

Askari alikuwa yule yule. Nimeeleza mwenyewe. Alisimamisha kalamu katikati, akamtazama Felista, akanitazama mimi. Alitugombeza kwa adabu, kwa sababu ya mvi zangu. Kusema uongo polisi ni kosa, amesema, na ataliandika. Felista amerudishiwa leseni. Yangu nimeitoa kwenye kitabu cha sala nikaiweka mezani kwake. Picha ya mzee mwenye macho mawili mazima. Nitaitwa mahakamani.

Daktari wa macho ni binti mdogo. Presha ya macho, amesema. Ningekuja mapema ningeokoa mawili. La kushoto basi. La kulia linaweza kulindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yote. Felista aliandika kila kitu kwenye simu yake.

Jumanne, 8 Aprili

Jumuiya tena. Baada ya rozari nimesimama. Nimesema ni mimi niliyekuwa naendesha, ni mimi niliyemgonga Gabrieli, na kwamba sioni. Nimesema Felista alisema uongo kwa ajili yangu na mimi nikamwachia. Mwenye nyumba alileta chai. Yule mzee aliyesema kiburi alinisukumia sukari.

Bado naamini zile pikapu ni kubwa mno. Bado sipendi vioo vyeusi. Lakini sitasema tena kwamba najua aliye ndani ni mtu wa namna gani.

Jumamosi, 14 Juni

Kesi imekwisha mwezi uliopita. Nimepewa onyo na nimefungiwa kuendesha, jambo ambalo jicho lilikwisha kulifanya. Gabrieli anatembea na gongo moja.

Leo Felista amenipeleka Gehandu kumwona dada yangu. Jua, baridi kali, anga safi. Nilipanda ile pikapu kwa kushika mpini wa juu, akanisubiri bila kunisaidia, nikashukuru. Ndani kuna joto. Nyuma alipakia magunia mawili ya mbegu za mbaazi na mbuzi wa dada. Sikusema kitu kuhusu mbuzi.

Nimepita njia ya Hanang mara nyingi kiasi cha kutoweza kuhesabu, na siku zote macho yalikuwa kwenye barabara. Mawe, mashimo, mwendo wa ng'ombe, tope. Leo nilikuwa nageuza shingo nitazame upande wangu. Kuna shamba la alizeti pale chini ya mteremko ambalo sijawahi kuliona. Kuna nyumba za udongo zenye paa la bapa, mbili tu zimebaki, moshi unatoka. Kuna kaburi la mtu pembeni ya njia, limepakwa chokaa. Mlima ulisimama wazi wote, hata kilele.

Felista akaniuliza, "Ile nyumba ya nani, baba?"

Nikamwambia ni ya marehemu fundi mwashi aliyejenga mnara wa kanisa letu, nilimleta mimi na mawe yake. Akauliza na ile. Nikamwambia. Alipunguza mwendo kila nilipoonyesha kidole.

Nimeongea hadi Gehandu. Sauti imekauka. Dada ametupikia wali.