Pale Lori Liliposimama

Lubumbashi, mwezi wa Juni

Mama mpendwa,

Amani iwe kwako, na kwa kaka Donat na wote wa nyumba yake huko Sakania. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Hapa mama mudogo Adolphine anavaa sweta mbili hata akiwa jikoni, na bado analaumu madirisha yangu. Tuko wazima. Barua hii nimempa binti yake Bénédicte, nikamwomba akae karibu nawe unapoisoma. Swali unaloniuliza katika kila simu, kama nimekumbuka mdogo wangu Gradi alikimbilia upande gani, nitalijibu humu. Nivumilie nifike.

Ulitaka kujua ninapewa dawa gani kituoni ninakotibiwa. Sipewi hata moja. Mama mudogo aliposikia alikasirika. Aliuliza ni ugonjwa gani huo usiopewa hata kidonge cha kinini, na kama kusema tu kunaponya, kwa nini yeye bado anaumwa mgongo. Mwanasaikolojia wangu, Lydie, alicheka sana nilipomsimulia. Alinieleza kwamba wako wanaosaidiwa na vidonge, ila kwangu tungeanza na masimulizi. Basi kila wiki namsimulia siku ile tuliposhambuliwa kwenye njia ya Beni, tangu asubuhi tulipopanda lori mimi na Gradi. Anaandika, na wiki inayofuata ananisomea, nami nasahihisha. Mawazo yakinirudisha kule, ananiambia nikanyage sakafu na kutaja ninavyoviona: kiti, dirisha, birika la chai.

Mwanzoni nilichukia. Nilikuwa naruka. Lori linasimama, kisha mara niko peke yangu ndani ya shamba la kakao. Lydie hakunigombeza. Alinirudisha tu pale lori liliposimama.

Unajua kwamba kinachonishinda si mlio wa risasi. Ni ule ukimya injini inapozimika. Ndiyo maana sijawahi kuja kukuona, kwa sababu sikuweza kukaa ndani ya gari. Kwa hiyo Clovis, dereva wa lori la depo ya mama mudogo, amekuwa akinikalisha kwenye kabini uani, anawasha, anazima, anawasha tena, mimi nikitokwa na jasho. Siku moja alichoka kuchoma dizeli bure, akaniambia kama dada yake, « Yaya, mazutu itaisha mbele ya woga yako. » Nikacheka, Mama, ndani ya lori lililozimwa. Nilishangaa mwenyewe.

Sasa nijibu. Donat alitaka kumwombeshea Gradi misa ya wafu, ukakataa, ukisema aliyekimbia anaweza kufika. Nami nilikuambia kila mara kwamba sijui, na sikuwa nadanganya. Nilikuwa na vipande tu, sikujua kipi kimetangulia, wala kipi ni ndoto. Sasa nimeisimulia siku ile mpaka mwisho, na wiki baada ya wiki haibadiliki.

Gradi hakukimbia, Mama. Alishuka wa kwanza ili anipokee, waliotusimamisha wakampiga risasi mimi nikiwa bado juu. Alianguka kando ya gurudumu. Niliangukia pembeni yake, mkono wangu ukiwa kifuani pake, mpaka kifua kikaacha kupanda na kushuka. Ndipo nikatambaa hadi kwenye kakao. Hakusema neno. Ningependa kukuambia kwamba alikutaja, lakini ningekuwa namsemea.

Lia, Mama. Usiniogope tena, usishushe sauti unaponitajia jina lake. Mwambie Donat aende kwa padri, ila kilio kisianze bila mimi. Jumamosi nitapanda basi la kuja Sakania. Clovis alitaka kunileta, nikamwambia nitakuja pamoja na abiria wengine. Basi likizimika njiani, nitabaki kitini mwangu mpaka liwake.

Nisalimie kaka Donat, mke wake na watoto. Kwako nainama na kukushika mikono yote miwili.

Mwanao,
Abigaïl