Sauti ya Mama Kwenye Kipande cha Sita

Shikamoo mama mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana nimemkosea mama yangu mzazi na sijui nianzie wapi.

Mimi naitwa Marselina, napiga gitaa la besi kwenye bendi yetu ya watu wanne hapa Kilosa, tunapiga muziki wa roki wa taratibu usio na waimbaji, na mwaka huu wote tumekuwa tukirekodi albamu ya vipande saba vinavyosimulia mafuriko kwa ala tu, tangu mvua inapoanza milimani hadi maji yanapofika relini Kimamba, na mafuriko hayo ndiyo yaliyomchukua baba yangu, fundi wa reli, alitoka kwenda kuangalia tuta na hadi leo hatujampata tumzike. Tangu hapo mama kila asubuhi akifagia uwanja huongea naye, anamweleza mahindi yalivyoota, nani anaumwa, nani kaolewa, nami nikamrekodi kwa simu nikiwa dirishani bila yeye kujua, nikaiweka sauti yake chini ya magitaa kwenye kipande cha sita, kwa mbali, na nilipoisikia nililia, wenzangu wakasema hapo ndipo albamu yetu ilipo.

Wiki iliyopita mama alituletea chakula mazoezini akakuta kipande hicho kinapigwa kwenye spika, akasimama mlangoni akasikiliza mpaka mwisho, akaweka sufuria chini, akaniambia, "Marselina, yale nilikuwa nasema na baba yako. Sikuwa nasema na watu." Akaondoka, na tangu siku hiyo anafagia kimya. Kiongozi wetu, Gabrieli, anasema atazoea, uzinduzi ni Jumamosi Mikumi na matangazo yameshabandikwa. Nifanye nini?

Marselina, Kimamba

Marahaba, Marselina. Pole kwa baba, na pole kwa huo ukimya. Sikuoni mtoto mbaya. Umemsikiliza mama yako kuliko wengi wetu tunavyowasikiliza wazazi wetu, ila ulichukua bila kuomba, tena ulichukua kitu pekee alichobaki nacho, maana hana hata kaburi la kwenda kukaa. Gabrieli asikudanganye. Mama hana ugomvi na muziki wenu, angekuwa nao asingesimama mpaka mwisho. Amejiona amevuliwa nguo hadharani, na sasa hata kwa mumewe anaogopa kufungua mdomo.

Ukimaliza kusoma hapa, nenda nyumbani, mwamkie, kaa chini, sema "mama nimekosa", na usiongeze "lakini". Futa ile rekodi mbele yake. Gabrieli mwambie kipande cha sita kitapigwa bila sauti hiyo, akikataa, wapige Mikumi bila besi. Asubuhi chukua ndoo uende bombani, ukawie huko, umwachie uwanja wake.

Na usimwombe ruhusa ya kuitumia sauti yake wiki hii. Atakubali kwa sababu anakupenda, nawe utakuwa umemchukulia mara ya pili.