Pazia na Uji wa Mzazi

Mjukuu wangu Zainabu,

Sote huku mtaani Nyamirambo tu wazima, babu anakusalimu. Nasikia unaogopa kumwambia nesi unavyotaka kujifungua?

Mwaka tisini na moja nilikuwa fundi cherehani, nina mimba ya shangazi yako. Nesi wa kliniki yetu akatuita akina mama: "Mbona mnatukimbia?"

Nikasimama. "Tuko kumi hapa, saba tumezalia nyumbani. Mlango wa chumba chenu cha uzazi unatazama benchi la wanaume! Na mzazi mnamnyima uji!"

"Sasa tufanye nini, mama fundi?"

"Mngetuuliza zamani!"

Nikashona pazia la mlango ule, wenzangu wakaleta masufuria ya kupikia uji. Shangazi yako alizaliwa palepale, nami nikanywa uji wa moto. Asante ya kliniki sijaisikia mpaka leo.

Wakikuuliza unachotaka, waambie. Wasipokuuliza, waambie vilevile.

Bibi yako, Mwanaidi