Homa ya Kurasa Tatu

Melini, 4 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na magoti yamepunguza ubishi. Mimi mdogo wako si mzima, na sitakuficha: maji yamenifika shingoni, na baharini kwenyewe sijaingia.

Mwanangu alisema, "Baba, umenyoa watu miaka arobaini, sasa pumzika." Akanifungia duka, akanikabidhi tiketi ya siku tisini kuzunguka bahari. Leo ni ya tisa. Siku mbili za kwanza nilitembea kama bwana harusi. Ya tatu bahari ikachafuka, na tangu hapo kila kinachoingia tumboni kinarudi kilikotoka. Chumba changu kiko mbele kabisa ya meli, hakina dirisha. Kitanda kinapanda, kinasita kidogo, kisha kinashuka na kuliacha tumbo langu huko juu. Ndoo nimeifunga kwenye mguu wa kitanda kwa mkanda wa suruali isinikimbie.

Nikipata nafuu, nakutana na ugonjwa wa pili, wa kukaa bure. Asubuhi wanatufundisha kukunja vitambaa vya meza viwe bata. Mchana karata, jioni bendi ile ile na nyimbo zile zile. Najikuta nakodolea macho visogo vya watu, mikono inaniwasha. Yupo mzee wa meza ya jirani ambaye aliyemnyoa alikuwa na ugomvi naye.

Wewe umefanya kazi hospitali miaka mingi. Niambie nifanye nini. Orodha ya bandari iko ndani ya bahasha. Andika kupitia wakala wa meli, barua nitaipata tukitia nanga.

Mdogo wako,
Kinyozi


Nyumbani, 13 Machi

Mdogo wangu Kinyozi,

Marahaba. Nimecheka hiyo ndoo yenye mkanda, halafu nikaacha kucheka. Mistari yako imepinda, mingine imewapanda wenzake mgongoni, nikajua safari hii unaumwa kweli.

Sasa nisikilize. Maji usinywe kwa glasi. Kijiko kimoja, hesabu mpaka sitini, ndipo kijiko kingine. Kula mkate mkavu kabla hujainua kichwa kwenye mto. Lala kwa ubavu, na kitambaa cha maji baridi kisogoni. Nenda kwa daktari wa meli akupe dawa, na uombe chumba cha katikati, sakafu za chini, hapo hapatikisiki sana. Ukiweza kusimama, toka nje utazame mbali kabisa, maji yanapokutana na mbingu. Chakula cha watu kikipita karibu yako, pumua kwa mdomo.

Haya sikujifunza hospitali. Hospitali nilifua mashuka. Nilijifunza kwa mama, zile wiki sita za mwisho, alipokuwa hawezi kubakisha hata supu tumboni. Wakati ule ndipo homa ilipokukamata, ukaniandikia kwamba umeshindwa kuja.

Kuchoka kukaa bure sina dawa yake. Kunja bata.

Mimi sijambo.

Dada yako


Melini, 2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Kijiko kimoja, hesabu mpaka sitini. Nilifanya hivyo siku nne, na sasa tumbo limekubali kukaa na mimi. Chumba nimehamishwa. Nakushukuru.

Lakini umeandika neno "kweli", na neno hilo limenikalia kifuani. Tumekwenda siku kumi na moja bila kuona ardhi. Dukani mtu akitoka kwenye kiti mwingine anakaa, hupati nafasi ya kujiwazia. Hapa hakuna kiti wala mtu, kuna mimi na haya maji.

Dada, sikuwa na homa. Sikuumwa hata kichwa. Ulipoandika kwamba mama amekwisha, nyama zimemwishia mwilini na anaita majina yetu, nilifunga begi. Lilikaa mlangoni wiki sita. Kila asubuhi nililiruka nikaenda kufungua duka. Niliogopa kumwona. Niliogopa ile harufu, niliogopa atanitazama na sitajua mikono yangu niiweke wapi. Siku aliyofariki nilinyoa watu kumi na wanne, na mmoja wao nilimfanyia utani.

Zile siku nne nilipolala na ndoo kifuani, nikahesabu sitini yangu peke yangu, ndipo nikaelewa ulihesabu sitini ngapi bila wa kukupokea. Naona aibu, dada. Sijui nisemeje zaidi ya hapo.

Mdogo wako


Nyumbani, 24 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza, hasira inashika kalamu kabla yangu.

Nilijua. Njia ya mwongo ni fupi, na yako haikuvuka hata mlango wa posta. Mtu mwenye homa kali haandiki kurasa tatu, mistari imenyooka kama ya karani, na mwisho akaomba radhi kwa mwandiko mbaya. Nilijua siku ile ile, na nimekukasirikia miaka tisa. Kila ukinisalimu nilikuwa nakukasirikia.

Mama alikuulizia kila siku. Siku moja nilichoka, nikamwambia, "Alikuja, ulikuwa umelala." Akauliza, "Alivaa nini?" Nikasema shati jeupe. Akauliza kama umekonda. Nikasema hapana, umenenepa. Alifurahi mpaka jioni, na mimi nikatoka nje kulia kwa sababu nilimdanganya mama yangu akiwa kitandani, na uongo wenyewe ulifanya kazi iliyokuwa yako.

Sasa na mimi nikwambie ukweli. Nilipoandika sijambo, nilikuwa natapika tangu mwezi wa pili, na bahari sijaiona. Daktari ametaja ugonjwa ule ule wa mama. Tarehe kumi Mei nalazwa. Sikukuambia mapema, nikiogopa posta itaniletea kurasa tatu nyingine.

Usinijibu. Ukiweza kuja, njoo. Ukishindwa, nyamaza tu, nitaelewa. Ila usiniandikie kwamba unaumwa.

Dada yako


Stendi ya mabasi, 6 Mei

Dada,

Shikamoo. Ulinikataza kuandika. Hii haipiti posta, nakuletea mwenyewe, ili nikisimama mbele yako ulimi ukanifia, uisome.

Barua yako niliipata bandarini saa nne asubuhi. Saa sita nilikuwa nimeshuka na begi. Meli imeondoka, nimepanda mabasi matatu. Kutoka hapa hadi kwako ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na nimekaa kwenye benchi hili saa nzima. Naogopa vile vile, haijapungua hata kidogo. Nilidhani uzee ungeniondolea.

Sijui kumhudumia mgonjwa. Utanielekeza, na utanigombeza nikikosea.

Naishia hapa, kwa sababu nikiendelea kuandika nitaendelea kukaa.

Mdogo wako